Mwosha Maiti na Filamu za Mchana

Kwetu Garissa mtu akitajwa, watu huuliza kwanza ni wa akina nani. Sitalijibu swali hilo. Mtu ninayemwandika alikuwa mwosha maiti wa mji wetu. Aliwaosha wanaume wa kila ukoo, pamoja na wale waliofia hapa bila ndugu, na sidhani angependa nianze na ukoo wake. Mimi nilimwita Adeer, yaani ami, kama tunavyowaita wazee wote wa rika la baba zetu. Alikwisha kufariki. Mimi sikusoma sana, niliacha shule darasa la saba, na mengi nitakayoyaandika nimeyasema peke yangu nikiwa kwenye cherehani. Yatatoka kama yalivyozoea kunijia.

Jambo ambalo wageni hawakuliamini ni kwamba mwosha maiti huyo alipenda filamu kuliko vijana wa mji. Miaka ya tisini palikuwa na banda la video mkabala wa baraza nililoshonea nguo. Lilikuwa la mabati, lenye mabenchi ya mbao, na mlangoni paliningʼinia blanketi jeusi la kuzuia jua. Mwenyewe alikuwa mtu wa Mwingi, mpole, aliyepanda basi kila baada ya wiki mbili kwenda Nairobi kuleta kanda mpya. Zilikuwa mpya kwetu. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka kanda nyingine, nazo kutoka nyingine, hata nyuso za watu zikawa na rangi ya maji ya Tana wakati wa mafuriko, na pembeni mwa picha chenga zilikuwa hazikomi.

Adeer aliingia baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa na kiti chake, kiti cha plastiki kilichowekwa mwisho wa benchi la nyuma, na hakuna aliyekikalia hata siku asipokuja. Vijana walisema kimekaa kimaiti. Ukipita karibu naye ulisikia harufu ya kafuri, hata siku ambazo hakuwa na kazi. Alivaa koti la kijivu juu ya kikoi, joto liwe kali namna gani, akaweka mikono yake magotini kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Alasiri ilipoadhiniwa alisimama na kutoka. Hakungoja hata dakika moja. Kwa sababu hiyo filamu nyingi hakuziona mwisho wake, na miaka yote niliyomjua sikumsikia akiuliza ziliishaje. Alikwenda kusali, kisha akaja katika hoteli ya chai iliyo jirani nami, akasimulia filamu yote pamoja na mwisho, mwisho aliouamua mwenyewe. Vijana waliokuwa wamebaki bandani walimpinga. Wakasema Adeer, yule jambazi alitoroka, mbona unasema alirudi kwa mama yake? Naye alikunywa chai yake ya maziwa ya ngamia taratibu, akasema kama alitoroka basi ni makosa ya waliotengeneza, kwa sababu tangu mwanzo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kurudi nyumbani.

Tena alikuwa akilala. Joto la mabati, mlio wa jenereta na lugha asiyoijua vilimchukua, na kichwa chake kikashuka kifuani. Hakujua Kiingereza wala Kihindi. Alipoamka aliendelea pale alipoamkia, na zile ndoto alizoota katikati ziliingia ndani ya filamu bila yeye kujua. Alitusimulia juu ya ngamia mweupe aliyepita nyuma ya magari yaliyokuwa yakifukuzana katika mji wenye theluji. Hakuna mwingine aliyemwona. Siku kanda hiyo ilipoonyeshwa mara ya pili nilifunga cherehani nikaenda, nikakaa nikimngojea ngamia. Sikumwona. Ila palikuwa na mahali ambapo chenga zilizidi, picha yote ikawa nyeupe na ikasogea taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba hapakuwa na kitu.

Maoni yake juu ya filamu kubwa, zile za bunduki na majumba yanayolipuka, yalijulikana mji mzima. Alizitazama zote na alizilaumu zote kwa sababu moja. Alisema watu wanaanguka kama mvua na hakuna anayezikwa. Shujaa anawaruka, anafuta jasho, anamshika mwanamke mkono na kwenda zake, na nyuma yake kuna watu ishirini wamelala na macho wazi. Nani atayafumba? Kulikuwa na filamu moja ambamo moto ulishuka kutoka mbinguni ukateketeza mji wenye majumba marefu. Vijana walitoka wakishangilia. Yeye alikuja moja kwa moja kwenye baraza langu, hata chai hakunywa, akaniuliza kama fundi ajuaye vitambaa: sanda ya mji kama ule itahitaji jora ngapi za marekani nyeupe? Nikamwambia Adeer, maduka yote ya Garissa hayana kitambaa hicho. Akatikisa kichwa akasema, "Basi wangefikiria hilo kwanza."

Kufa kwa uongo alikutambua mara moja. Kwetu sisi alizungumza Kisomali, nami nayageuza maneno yake kwa Kiswahili, lakini kwa mwenye video ilimbidi atumie Kiswahili chake cha sokoni. Mtu akipigwa risasi kwenye picha na wote bandani wakinyamaza, sauti yake ilisikika kutoka kwenye kiti cha plastiki: "Hii mtu haijakufa. Anabumua. Angalia tumbo." Au alisema vidole vya mguu vimekunjwa, na maiti haikunji vidole. Watu walicheka, na mwenye video alimsihi kwa upole, mzee wangu, utaniharibia biashara. Lakini baada ya miaka michache banda zima lilikuwa limejifunza. Ungeona wanaume wazima, wafanyabiashara wa ngʼombe waliotoka sokoni na vumbi lao, wanainama mbele kutazama tumbo la mwigizaji.

Mara moja tu alishindwa. Ilikuwa filamu ya huzuni, ya mke wa daktari anayeugua polepole katika nyumba yenye mapazia ya kijani. Yule mwigizaji alikufa kwa namna ambayo Adeer alitamka inna lillahi kwa sauti, akasimama akatoka kabla ya alasiri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kutwa nzima alikuwa mnyonge. Aliniuliza kama nadhani kule kwao wana wanawake wanaojua kuosha. Baada ya mwezi mmoja ikaja kanda nyingine na mwanamke yule yule yumo, mnene kidogo, anacheka, anaendesha gari. Vijana walidhani atafurahi. Alikaa wiki mbili bila kukanyaga bandani. Nilipomuuliza alisema hakukasirika, ila alikuwa amemwombea dua, na sasa hajui dua ile imekwenda kwa nani.

Filamu zilizompendeza zilikuwa zile ambazo vijana walizipigia miluzi zibadilishwe, filamu za watu waliokaa jikoni wasiongee. Ilikuwepo moja ya baba na binti waliokoseana miaka mingi. Saa nzima hakuna kinachotokea. Binti anakunja mashuka, baba anamsaidia kushika ncha ya pili. Adeer aliitazama mara tatu. Aliniambia kila nyumba anayoingia kuosha hukuta watu wawili walioshika shuka namna ile, wamekosana, marehemu yuko katikati yao, na mikono yao ndiyo inayoongea. Nadhani ndiyo sababu hakuhitaji lugha.

Sheikh mmoja alimkanya hadharani, akamwambia mtu anayeshika maiti za Waislamu hafai kukaa gizani akitazama wanawake wasiojifunika. Kweli Adeer aliinamisha kichwa kila wanawake hao walipotokea, na baadhi ya filamu nusu nzima alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Kwa sheikh hakubisha. Alisema tu, "Asubuhi nakaa na watu ambao hawataamka. Mchana nataka kuwaona wakiamka." Sheikh akaenda zake. Na kesho yake Adeer alikuwa safu ya kwanza msikitini alfajiri, na mchana kwenye kiti chake.

Sikuwahi kumwona akilia msibani. Bandani alilia wazi, machozi yakashuka ndani ya ndevu zake nyekundu za hina, asiyafute.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Katika maoni yake yote, moja lilikuwa limegeuka kanuni ya mji. Alisema katika filamu mtu akianguka mtoni, au gari lake likitumbukia bondeni, na usionyeshwe maiti, basi usimlilie. Atarudi. Atakuja na kovu, au na ndevu, lakini kabla haijaisha atarudi. "Ambaye maiti yake haijaonekana hajafa," alisema, na vijana walikuwa wakilitamka neno hilo pamoja naye, kama kiitikio.

Kaka yangu aliendesha lori la unga na sukari kwenda upande wa Mandera. Mwaka ule wa mvua kubwa, barabara zilipokatika na sisi wenyewe Garissa tukawa kama kisiwa, lori lake lilisombwa na maji katika korongo moja ng'ambo ya Kutulo. Habari zilitufikia siku nyingi baadaye kupitia redio ya polisi. Maji yalipopungua wafugaji walilikuta lori limelala ubavu, mchanga umefika madirishani. Taniboi wake, msaidizi aliyesafiri naye, walimpata na kumzika. Kaka hawakumpata. Walitafuta wakiteremka na korongo mpaka linapopotelea katika tambarare, wakaona kiatu kimoja, wakarudi.

Mama yangu alikataa kula. Siku ya tano sauti yake ilikuwa imekwisha, na mke wa kaka, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa. Nilikaa kando yake. Nikasema, "Hooyo, Adeer amesema ambaye maiti yake haijaonekana hajafa."

Alifungua macho. Aliuliza, amesema hivyo yeye mwenyewe? Nikasema ndiyo. Na ilikuwa kweli alikuwa amesema. Kwamba alikuwa akizungumzia filamu, hilo sikulisema. Mama yangu hakujua kuna banda la video duniani. Alijua kwamba mtu huyo ndiye anayeitwa kila mtu anapokata roho, kwamba mikono yake ndiyo inayothibitisha. Kama yeye amesema hajafa, nani mwingine wa kuulizwa? Jioni hiyo alikunywa maziwa.

Nilidhani ni kwa siku chache. Sheikh alipokuja kusema kwamba inafaa kumsalia kaka sala ya ghaibu, kama wanavyosaliwa walio mbali, mama alimtoa nje kwa adabu. Ndugu walipotuma watu wazungumze naye, aliwaambia wamwulize mwosha maiti, na wao wakadhani ni uchungu unaosema. Mwaka ukapita, na mwingine ukafuata. Kila alasiri alimwagia maji uwanja, vumbi litulie kwa ajili ya mgeni. Mke wa kaka alibaki hapo akiwa si mke wala mjane. Hakuvaa nguo nyeupe za eda, hakuhesabu ile miezi minne na siku kumi, na alikuwa na miaka ishirini na minne. Ndugu zake wa Griftu walikuja mara mbili kumchukua, na mara zote mbili mama alisema, mtampeleka wapi, mume wake akirudi atamkuta nani? Nilimwona binti yule akikonda. Mimi ndimi niliyejua mlango wa kumtoa uko wapi, na nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikishona sare za shule.

Adeer wakati huo alikuwa anaugua kifua. Alikuja bandani kwa kutumia fimbo, akalala zaidi na kutazama kidogo, na ndoto zake zikazidi kuwa ndefu kuliko filamu. Siku moja alinisimulia filamu nzima ambayo najua haikuonyeshwa, kwa sababu jenereta lilikuwa limeharibika siku hiyo na walikaa gizani kwa muda wa saa mbili bila picha. Ilikuwa na mto, na watu waliosimama kando zote mbili wakipungiana mikono. Aliisimulia vizuri mno. Alipomaliza nikamwambia yote kuhusu mama.

Akaniuliza, "Ulitaja jina langu?"

"Nilikutaja, Adeer."

"Na filamu hukuitaja."

"Sikuitaja."

Nilitegemea anilaumu. Alitazama blanketi jeusi la mlango wa banda, ambalo upepo ulikuwa ukilisukuma ndani na nje. Alisema miaka yote amekuwa mwangalifu na mikono yake, hajui nani aliyepaswa kumwangalia mdomo. Akauliza mama yangu hukaa nyumbani saa ngapi.

Alikuja siku hiyo hiyo, jua likianza kushuka. Uwanja ulikuwa bado umelowa. Mama alipomwona mlangoni alishika nguzo, kwa sababu mtu yule hakuwa na desturi ya kwenda nyumba za watu ila kwa jambo moja. Alimpa jamvi akakaa. Mke wa kaka alileta maji ya kunywa na kurudi ndani. Mimi nilisimama karibu na ukuta.

Hakuzunguka. Alimwambia mama, "Walaal, ndugu yangu, neno ulilolishika miaka hii miwili lilikuwa langu, lakini nililisema juu ya picha za video. Ni michezo. Watu wanatengeneza, wanajua nani atarudi kwa sababu wao ndio wanaomrudisha. Mwanao sikumsema. Wa korongoni sina habari naye zaidi ya wewe."

Mama hakunitazama. Ningependa angenitazama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuuliza tena kwa kuwa aliogopa jibu. Alikuwa na shaka tangu mwaka wa kwanza.

Kuku wakapita katikati yao. Halafu mama akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza, kama angeletwa, kama wangempata na kumleta mpaka hapa, ungemwosha vipi?

"Kama wengine."

"Sijui wengine wanaoshwaje," alisema mama. "Wanawake wanazuiwa kule kwa wanaume. Nionyeshe."

Adeer alilaza fimbo yake kando. Alivua koti, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona bila koti, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Alisogea hadi ukingo wa jamvi, pale ulipoanzia udongo uliolowa, akapiga magoti. Alisema kwanza angemfunika kuanzia kitovuni hadi magotini, asionekane. Mikono yake ikatandaza kitu ambacho hakikuwepo. Akasema maji si moto, si baridi, na majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Akasema angemwinua kidogo hivi, mgongo wa kaka uegemee goti lake. Na goti lake likasogea. Kisha kichwa na ndevu, kwa vidole, asing'oe unywele hata mmoja. Kisha upande wa kulia, bega, mkono, ubavu. Hakuwa na haraka. Kikohozi chake kilikuwa kimeacha kumsumbua. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ua wa miiba, na ule mwanga wa jioni ukapita chini ya viganja vyake, na mimi niliyesimama ukutani niliona urefu wa kaka yangu, mahali mabega yanapofika, mahali miguu inapoishia. Aligeuka upande wa kushoto. Bega, mkono, ubavu, paja juu ya shuka. Akateremka mguuni.

"Hapo," alisema mama.

Mikono ilisimama.

"Chini ya goti ana kovu. Alichomwa na bomba la lori. Hapendi paguswe kwa nguvu."

"Naam, walaal," alisema Adeer, akarudi juu kidogo, akapapitia tena polepole kwa ncha za vidole.

Mke wa kaka alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, ncha ya mtandio ameibana kinywani. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, akapiga jamvi mara mbili.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Umesimama sana."

Akaja akakaa. Adeer alimaliza miguu yote miwili, akafuta viganja vyake vikavu kwenye kikoi, na akabaki amepiga magoti hivyo hivyo mpaka mama aliposema inatosha.